Mwalimu wa Panya Wenye Kofia

Hukuhitaji kumwona Mwalimu ili kujua kwamba ameingia maabara. Panya walinyamaza. Kabla hajafika walikuwa wakikwaruza vizimba na kulialia, nikiwasikia kutoka chumba changu cha kemia upande wa pili wa ukuta, halafu ghafla, kimya. Hakikuwa kimya cha usingizi. Kilikuwa kile kimya cha watu waliokuwa wakikusengenya ukatokea mlangoni. Mimi ni mtu wa kemia, mambo ya ajabu ajabu huwa nayaachia wanaoyapenda, na mnyama mwenye mkia mrefu simpendi hata kwa picha. Lakini kwa miaka yote niliyofundisha naye katika chuo kile cha Kitale, kimya kile sikukizoea.

Aliitwa Mwalimu tu. Sote pale tulikuwa walimu, ila sisi wengine tulikuwa Madam Fulani na Mista Fulani. Yeye peke yake ndiye ambaye jina la kazi lilimkaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ya mzee wa kanisa, na kweli alikuwa mzee wa kanisa. Kwao ni Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Alifundisha fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, na katika mwili wote kilichomshughulisha kilikuwa kimoja: neva, zile nyuzi zinazobeba habari kutoka kidoleni hadi kichwani. Alitaka kujua habari hizo hukimbia kwa kasi gani, na kwa nini kwa wengine zinachelewa.

Kwa ajili hiyo alifuga panya wa koo mbili. Ukoo mmoja ulikuwa mweupe pepepe, macho mekundu. Ukoo wa pili ulikuwa na mwili mweupe lakini kichwa na mabega meusi, kana kwamba kila mmoja amevutiwa kofia mpaka mabegani, na wanafunzi wakawaita hivyo, wenye kofia. Wote walikula chakula kimoja, wakanywa maji ya mfereji mmoja, wakalalia maranda ya fundi mmoja wa mbao.

"Kila kitu sawa," aliniambia. "Sasa neva zao zikikuwa tofauti, Madam, hakuna mtu wa kulaumu. Hapo ni damu."

Kazi yenyewe nilimwona akiifanya mara nyingi, maana alipenda kuwa na mtu wa kusema naye. Alimlaza panya kwa dawa ya usingizi, akamwekea sindano nyembamba kwenye shina la mkia na nyingine karibu na ncha. Kisha alibonyeza swichi, umeme kidogo ukapita, na kwenye kioo cha mashine mstari wa kijani uliokuwa umelala ukaruka mara moja na kulala tena. Ule mruko ndio habari iliyofika. Alipima umbali, akapima muda, akapata kasi. Alipomaliza alimpulizia panya mkiani, pfuu, pfuu, jinsi mama anavyompulizia mtoto aliyejikwaa. Na muhula baada ya muhula jibu lilikuwa lile lile: wenye kofia walichelewa.

Siku niliyoanza kumwogopa Mwalimu ilikuwa ya mvua za kupanda mahindi. Alikuwa amewatoa wanafunzi nje kwenye nyasi, anawaeleza jambo kwa fimbo mkononi, nami nikitazama dirishani. Siafu wakaja. Wanafunzi wakaanza kuruka na kujipiga miguu, wasichana wakapandisha sketi bila aibu, kila mtu mbio kivyake. Mwalimu akabaki pale pale, anaendelea kueleza. Siafu walimfunika viatu, wakaingia ndani ya suruali.

"Mwalimu, siafu! Mwalimu, wamekupanda!"

Alitazama chini polepole, kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Kisha akajipangusa, tap, tap, bila haraka. Soksi zilipoteremka niliona damu nyembamba ikichirizika kwenye muundi. Akasema, "Mrudi mwandike," na wakarudi, lakini walisimama mbali naye.

Halafu kulikuwa na soja wetu wa getini, mtu wa Cheptais, asiyeogopa simba wala jambazi. Alinifuata asubuhi moja hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Madam, huyu mzee anatembea na chuma."

"Chuma gani?"

"Sijui. Si usikie tu. Kwo, kwo, kwo, kwa hiyo koridoo. Mimi sitaki kuchunga yeye tena, bana. Huyo si mtu, mtu ana mguu wa nyama."

Nikasikiliza, na kweli: kwo, kwo, kwo, juu ya saruji. Nikamsimamisha Mwalimu na kumwomba ainue kiatu. Msumari wa fundi wa mbao, mrefu, ulikuwa umepenya soli na kuzama ndani, kichwa chake tu kikigonga sakafu. Aliketi kwenye kiti changu, akaomba koleo, akauvuta. Ulitoka na damu nzito. Aliuangalia, akaupangusa kwa karatasi, na kwa sababu ulikuwa bado umenyooka akautia mfukoni.

"Asante, Madam. Hiyo ingekuwa mbaya."

Nilimwuliza kama haumwi. Akafunga mlango na kunieleza. Ndipo nilipojua kwamba panya hawakuwa wa chuo hata kidogo. Walikuwa wa ugonjwa wa nyumbani kwake.

Katika ukoo wao, alisema, watu huanza kufa ganzi wakiwa watu wazima. Kwanza nyayo, halafu vidole vya mikono. Mtu anajikata hajui, anaungua hajui, kidonda kinaoza akiwa anapiga stori. Baba yake alikatwa mguu, kisha wa pili. Kaka yake hakufika hata kukatwa. Kijijini walisema ni laana, kwamba babu aliapa kiapo cha uongo juu ya mpaka wa shamba na ardhi ikawakana nyayo. Waliposema kwa upole walisema laana. Waliposema kwa ukali walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wakawakataza wana wao kuoa kwao.

"Mimi nataka nionyeshe watu hii si raana," alisema. Akisisimka, l na r za kwao zilibadilishana viti. "Ni damu. Na kama ni damu, inapimika."

Kisha akanitajia alichokuwa akikihofia hasa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nasimiyu, mwalimu wa shule ya msingi huko Matulo. Alikuwa bado kijana, hana dalili yoyote, na kulikuwa na kijana wa Webuye, fundi wa umeme, aliyekuwa ameanza kuuliza habari zake.

"Nataka kujua kama imemfikia kabla yeye hajazaa. Kama imemfikia, iishie kwake. Mimi sikujua. Yeye atajua."

 Nilimpa spiriti ya kuosha kidonda, na aliimimina mguuni kama maji.

Watu waliomfahamu kwa mbali walidhani ni mtu mgumu. Hapana. Sijaona mtu aliyeshindwa na maumivu ya wengine kama yeye. Mwanafunzi akichomwa sindano ya pepopunda, Mwalimu alitoka nje. Kanisani, wimbo wa mateso ukianza, alitafuta leso kabla ya ubeti wa pili. Darasani alirudia neno moja mpaka wanafunzi wakamwigiza: "Maumivu ni soja. Nyumba isiyo na soja inaibiwa mchana." Alilisema akiwa amesimama juu ya miguu isiyo na soja, na mimi nikajua, na wao hawakujua.

Kuna hadithi aliyonisimulia mara moja tu, tukinywa chai, macho yake yakiwa kwenye kikombe kwa sababu mimi ni mwanamke. Kwao kijana hutahiriwa mbele ya watu, amepakwa tope la mtoni, na haruhusiwi kupepesa jicho. Akitikisika, aibu inamfuata mpaka kaburini. Yeye alisimama kama mti. Ngariba alimsifu, wajomba wakampa ng'ombe, wazee wakasema hawajaona ujasiri wa namna ile tangu enzi za baba zao.

"Walishangilia, wakanirukia," alisema. "Na mimi, Madam, nilikuwa bado nangoja waanze."

Alicheka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa. Yeye alisema ganzi huja ukubwani, lakini nadhani ilikuwa imemwanzia mapema kuliko alivyotaka kukiri, hata kwake mwenyewe.

Sasa nije kwenye yale majina. Mimi ni Mkikuyu wa Kitale. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia na jembe na Biblia. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au la nyanya bila kuulizwa. Kwao Mwalimu, mtoto ndiye anayechagua. Akilia bila kunyamaza, wazee hutaja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenyewe amerudi. Mwalimu, mzee wa kanisa, mtu wa vipimo, aliyesema laana ni upuuzi wa watu wasiosoma, alikuwa akifanya hivyo kwa panya.

Si wote. Weupe aliwapa namba. Wenye kofia, alipowashika kabla ya dawa nao wakapapatika, aliwanong'onezea majina ya wafu wake hadi mmoja atulie, na jina hilo likawa lake. Kwa hiyo vizimbani kulikuwa na baba yake, na kaka yake, na shangazi zake, wote wamevaa kofia, wanakula mahindi. Na kwa sababu wazee wa kwao huwataja waliotangulia alfajiri, jua likichomoza, wenye kofia aliwapima alfajiri. Weupe waliosalia na namba zao walingoja mpaka baada ya chakula cha mchana. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni mazoea. Nikaona ni mazoea kweli; kila mtu ana yake.

Lakini iko asubuhi moja. Panya mmoja mwenye kofia alikataa kutulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekuja kuomba ufunguo wa stoo. Mwalimu alitaja wafu wake wote na panya akazidi kurusha miguu. Mwishowe, nadhani kwa kuchoka, ulimi ukamponyoka akataja jina la dada yake, aliyekuwa hai kabisa, anauza mboga kwao. Panya akalegea. Akalaza kichwa kwenye kiganja cha Mwalimu na kutazama mbele. Mwalimu akanitazama mimi. 

Kabla ya saa sita simu ikaja ofisini kwamba dada amefariki asubuhi ile, kidonda cha mguuni kilikuwa kimeingia damuni.

"Ni bahati mbaya tu, Madam," aliniambia jioni, akifunga begi aende matangani. "Panya alikuwa amechoka."

Nikasema ndiyo, alikuwa amechoka. Hata hivyo tangu siku ile hakumruhusu mtu yeyote kutaja jina la binti yake ndani ya chumba kile. Tulikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Nasimiyu pia, na Mwalimu alimwita "wewe wa dirishani" mpaka akahitimu.

Mimi alinipima. Aliniomba kama rafiki, akisema anahitaji mtu wa damu nyingine kabisa, nami nikakubali kwa udadisi. Ilikuwa mchana, tumeshiba githeri, bati la paa linalia kwa jua. Alinibandika visahani vidogo vya chuma vyenye waya kwenye mguu, akabonyeza, nikashtuka, mstari ukaruka. "Yako inakimbia kama ya panya mweupe," alisema kwa furaha, na mimi nikajisikia nimesifiwa, jambo la kipumbavu ukilifikiria.

Binti yake alikuja likizo ya Agosti. Anayeijua Kitale anajua baridi ya mwezi huo, umande mpaka saa nne, saruji inauma nyayo. Mwalimu alimpima alfajiri, kabla ya chai, maana alikuwa mtu wa kwao na watu wa kwao walipimwa alfajiri. Mimi nilifika kazini nikamkuta anatoka, viatu mkononi, anatembea peku kwenye koridoo. Alikuwa na uso mpana wa kupendeza na mwanya kwenye meno. Siku hiyo mwanya sikuuona.

"Habari ya asubuhi, Anti."

"Nzuri, mama. Vipi?"

"Baba anasema niko nayo."

Alisema hivyo tu, akaketi kwenye ngazi kuvaa viatu. Baada ya wiki chache nikasikia amemwambia yule fundi wa Webuye asimngoje. Hakumpa sababu. Nilimkasirikia Mwalimu, nasema wazi, nilimkasirikia mpaka nikawa nikikataa chai yake. Nilimwambia kuna mambo mtu haambiwi na baba yake. Akanijibu kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba yeye amezika vya kutosha. Alikuwa amekonda. Wenye kofia, nao, walikuwa wamezoea kunitazama nikipita mlangoni, vichwa vyote vyeusi upande mmoja, na nikaanza kuzungukia nje ili nifike chumbani kwangu.

Halafu kiangazi kikaja. Mwalimu alikuwa ameugua malaria, akarudi kazini akiwa amepitwa na alfajiri nyingi, kazi imemlundikia, akaamua siku moja kuwapima wenye kofia mchana. Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Niliona mlango wangu ukifunguliwa bila kubishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Madam! Ni baridi!"

"Baridi gani na mimi natoka jasho?"

"Si hivyo. Ni baridi! Wamekimbia! Wenye kofia wamekimbia kama weupe!"

Alikaa chini, akashika kichwa. Neva ikipoa huchelewa. Ikipata joto hukimbia. Kila anayefanya kazi ile anajua, yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi kila mwaka. Lakini wafu wake alikuwa akiwapima kwenye baridi ya alfajiri, na wageni kwenye joto la mchana, kwa miaka, na tofauti aliyodhani ni ya damu ilikuwa ya saa. Katika wiki zilizofuata aliwapasha moto hawa na wale, akawapoza hawa na wale. Koo zile mbili zilikwenda sawasawa. Alijipima mwenyewe pia, miguu imefunikwa blanketi na chupa za maji moto. Ya kwake ilibaki pale pale, inajikokota. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa kweli. Ila kipimo cha binti yake hakikuwa na maana yoyote.

Alimpigia simu mbele yangu, kwa ile simu yake nene, akipaza sauti kana kwamba Matulo ni ng'ambo ya bahari.

"Nasimiyu! Kile kipimo ni cha baridi! Futa! Ati? Ndiyo, futa! Utakuja nikupime tena vizuri!"

Nilisikia msichana analia. Kisha Mwalimu naye akalia, na mimi, mwenye ulimi mkali, nikatafuta kitambaa cha kufutia meza nikakitumia puani.

Nasimiyu hakungoja kupimwa tena. Nani angengoja? Fundi wa Webuye alikuwa bado hajaoa, na kabla mahindi hayajatoa ndevu tulikuwa tumekaa kwenye viti vya kukodi huko Bungoma tukila kuku wa harusi. Mwalimu alicheza, kwa miguu ile, akitazama chini kila mara kuhakikisha iko anakodhani iko. Nilimwuliza kando kama amempima. Alisema atampima. Mwaka huo alistaafu, chuo kikamwachia mashine kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua, panya wakagawiwa shule zilizotaka. Kila nilipompigia simu niliuliza, na kila mara kulikuwa na jambo: mara umeme umepotea, mara mguu unatibiwa, mara Nasimiyu yuko na mitihani. Mtu aliyekuwa na haraka ya kupima kila panya alijaa visingizio. Nilimwelewa. Alikuwa amepata furaha kwa mara ya kwanza, na hakutaka kuigusa isije ikavunjika.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Mabanga, mchana wa mvua. Nilimpelekea sukari na majani ya chai. Alikuwa ameketi sebuleni, mguu mmoja umekatwa chini ya goti, vidole vya mikono vimefungwa bandeji hapa na pale, lakini uso wake ulikuwa umenona kwa kuridhika. Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kama redio ya wageni. Nasimiyu alikuwepo. Tumbo lilikuwa kubwa, la kukaribia, na mwanya wake niliuona tangu mlangoni.

"Anti! Umekuja siku nzuri. Leo nimekataa kuondoka bila kupimwa. Nataka nijifungue roho ikiwa imetulia."

"Nimemwambia ngoja jua," Mwalimu alisema.

"Baba, umeniambia ngoja jua tangu niolewe."

Mvua ilikuwa ikipiga bati, sebule imepoa. Mwalimu akatazama dirisha, akanitazama mimi, akashusha pumzi. Kisha akasema sawa, lakini safari hii tutafanya kama inavyotakiwa. Miguu ipashwe moto kwanza. Hatarudia kosa lile. Akaagiza beseni liletwe, na birika kutoka jikoni, na jagi la maji baridi. Akasogea na magongo yake, akaketi kwenye kigoda, akakataa nimsaidie. Alimimina mwenyewe, moto, baridi kidogo, moto tena. Akafungua bandeji, akatia mkono mzima, akakoroga.

"Iko sawa," alisema. "Tia miguu, mama."

Nasimiyu akatia miguu. Aliegemea kiti, akafumba macho kidogo.

"Imevimba hii miguu, Anti, mpaka viatu sivisikii. Wamama wa shule wanasema ni mimba, ati inaleta ganzi."

"Wakati mwingine," nikasema. Nilikuwa nimeinama juu ya mashine, natafuta waya upi unaingia wapi.

Akaanza kunieleza majina. Mumewe anataka hili, mama mkwe anataka lile, yeye anasema mtoto atachagua mwenyewe. Mwalimu akacheka. Nilichukua vile visahani vya chuma, nikapiga magoti, nikatia mkono ndani ya beseni ili niinue mguu wake niukaushe.

Nilipiga kelele. Sijui niliita nani. Niliuvuta mkono, nikamshika Nasimiyu mapaja kwa nguvu na kuyainua, miguu ikatoka majini, na yote miwili ilikuwa myekundu mpaka juu ya kifundo, mpaka pale maji yalipofika, imeanza kutoa malengelenge kwenye vidole. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka miguuni. Yeye alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekatizwa katikati ya hadithi.

"Anti, kwani ni nini?"

Kisha akaangalia chini akaona miguu yake. Hakulia. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili.

Mwalimu aliinama polepole kutoka kwenye kigoda. Alitia mkono tena ndani ya beseni, ule ule, akauzamisha mpaka kiwikoni, akauacha humo. Niliona ngozi yake ikibadilika rangi. Alikuwa anatafuta, akigeuza kiganja huku na huku, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa gizani chumba alichokizoea. Mashine ilikuwa bado haijawashwa.

"Madam," alisema, kwa sauti yake ile ya chini. "Ni moto?"

Wote wawili waliniangalia, baba na binti, wakingoja niwaambie.

"Ni moto, Mwalimu," nikasema. "Ni moto sana."